Malalamiko Kuhusu Tepu Iliyopitishwa Kitovuni

Kwa Daktari Mkuu wa Kliniki,
Ghorofa ya pili.

Daktari Mheshimiwa,

Pokea heshima zangu kamili, zisizopunguzwa hata inchi moja. Mimi ni fundi cherehani mwenye miaka ishirini na tisa. Duka langu liko mtaa wa nyuma ya kliniki yako, mlango wa bluu, mkabala na muuza magodoro, na wateja huniita Fundi Sitara. Mwezi uliopita mlipiga hema uani kwenu mkatangaza kuwapima damu vijana wote wa mtaa. Nikaja kwa hiari yangu, tumbo tupu kama mlivyoagiza, nikitegemea kuambiwa niko fiti niende zangu. Lahaula! Nimerudi nyumbani na ugonjwa wenye jina refu kuliko foleni yenu. Kwa kuwa mimi si mtu wa kugombana, nimeona nilalamike kwa maandishi na kwa namba, usije ukanipotea njiani.

1. Kuhusu kiuno. Muuguzi wako, yule dada mpole wa miwani, alinizungushia tepu juu ya kitovu akasoma sentimita mia moja na saba. Kwa sauti! Daktari, kiuno cha mwanamume hupimwa pale suruali inapokaa, chini ya tumbo, na hapo mimi ni inchi thelathini na nne tangu nianze kazi. Nilimweleza kwa adabu kwamba nimepima viuno vya watu kwa miaka kumi na moja na sijaona suruali ya kufungwa kitovuni. Akanijibu kwamba yeye hapimi suruali, anapima mtu. Hayo ni majibu gani?

2. Kuhusu desturi za kazi. Dukani kwetu mteja akinenepa hatumwambii. Tunaandika daftarini namba anayoweza kuivumilia, kisha kwenye mshono wa nyuma tunamwachia vidole vinne vya kitambaa cha akiba. Akirudi baada ya miezi mitatu akisema sabuni imeikaza suruali yake, tunailaani sabuni pamoja naye, tunafumua mshono, tunaachia kiuno. Mwaka huu nimeachia viuno vya vijana wengi kuliko suruali mpya nilizoshona, na hakuna aliyetoka kwangu na huzuni. Kwenu nilimwona dereva mmoja, kijana mwenye vishindo vyake, akitoka hemani na karatasi mkononi amenywea kama kuku aliyenyeshewa. Nikajiuliza, kati yangu na ninyi, nani anayetibu watu?

Nakiri kwamba fomu yenu iliponiuliza kiuno changu, nami niliandika namba ya adabu. Ni mazoea ya mkono tu. Na tukiambizana ukweli, ile namba ya kweli siikumbuki tena.

3. Kuhusu damu. Mmeandika kwamba kipimo cha uvimbe katika damu yangu kimepanda mara tatu ya kawaida. Uvimbe uko wapi? Nilirudi dukani, nikavuta pazia la wanaojaribu nguo, nikajikagua mbele ya kioo kuanzia masikio mpaka vidole vya miguu. Sikuona hata chunusi. Daktari kijana aliyenisomea majibu alisema si uvimbe wa kushikika: mafuta yaliyojazana tumboni yanauchokoza mwili, mwili unawasha moto mdogo usio na moshi, na moto huo unakula mishipa taratibu mwenyewe akiwa anacheka tu na wenzake. Kisha akamalizia kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Alisema hivyo mbele ya wateja wangu wawili waliokuwa kwenye foleni! Tangu siku ile mmoja wao hukung'uta kila shati nililomshonea kabla ya kulivaa.

4. Kuhusu alama. Nimeambiwa mambo ni matano: kiuno kikubwa, presha, sukari, mafuta mabaya kuzidi na yale mazuri kupungua. Ukipata matatu umeshaingia kwenye ule ugonjwa wa jina refu. Mimi nimepata manne. Shuleni sikuwahi kupata nne kati ya tano kwa somo lolote, na siku niliyofaulu hakuna aliyenipa hata mkono.

5. Kuhusu umri. Presha na sukari ni mambo ya wakubwa, watu wenye wajukuu. Sisi tumelelewa tusiwatangulie wakubwa zetu. Baba mkubwa ana miaka sitini na sita na bado hajapata presha yake. Mimi nimpite kwa adabu gani?

6. Kuhusu ushauri. Niache soda, eti. Nakunywa tatu tu kwa siku, na ya nne ni ile mteja asipoimaliza, maana kutupa ni dhambi. Juisi ya boksi nayo nimekatazwa, ilhali ina picha ya tunda. Nitembee nusu saa kila siku. Niende wapi, ikiwa nyumba ni mlango wa tatu kutoka dukani? Cherehani ya kukanyaga niliiuza nikachukua ya mota kwa sababu tunahimizwa maendeleo, na sasa kazi yote ya mguu inafanywa na kidole gumba chake tu. Mkasema basi nisimame kila baada ya nusu saa. Nilijaribu siku mbili. Kila nikisimama, wateja nao wanasimama, wanadhani nafunga duka.

7. Kuhusu kaka yangu. Hili ndilo lililonichoma. Daktari kijana aliuliza kama kwetu kuna aliyewahi kupata kiharusi. Nikamwambia ni kaka, tumbo moja na mimi, aliyenifundisha kazi. Alikuwa mkata vitambaa, na mkasi wake haukurudia mstari. Alianguka kwenye meza ya kukatia akiwa na miaka thelathini na minne, mkasi ungali vidoleni. Upande wake wa kulia umelala mpaka leo. Mguu anauburuta, mkono haushiki hata sindano. Naye kabla ya hapo alikuwa akisema ni uchovu tu. Daktari kijana alisikiliza, akachukua kalamu nyekundu, akaandika neno kwenye faili langu, akanitazama kwa huruma. Nani aliomba huruma? Mimi si kaka. Mkono wangu huu ndio unaolisha nyumba nzima, na yeye yumo humo, na mama yumo. Haiwezekani ukalala. Naomba wino huo mwekundu ufutwe.

Kwa hayo yote, ninachoomba ni kidogo. Majibu yangu yafumuliwe na kuachiwa, vidole vinne tu, watu wasijue. Hilo likishindikana, basi tulitazame kwa akili: ikiwa nusu ya vijana mliowapima wamevuka mpaka wa kawaida, kosa haliwezi kuwa la vijana wote hao, mpaka wenyewe unabana. Sisi mafundi tukiona kila anayevaa saizi ya kati hapumui, hatumlaumu mvaaji. Tunabadilisha lebo. Isogezeni hiyo kawaida, Daktari, na mtaa mzima utapona kwa siku moja, bila dawa na bila jasho. Nashangaa wasomi wote hao jambo jepesi namna hii limewapita.

Pia naomba barua yenye muhuri ya kumwonyesha mama, maana tangu aone karatasi yenu ameificha sukari na hataki kusema iko wapi. Jumapili nilimkuta analia jikoni akasema ni vitunguu. Hakukuwa na vitunguu.

Nisalimie daktari kijana, sina kinyongo naye. Msalimie dada wa miwani, na yule anayetoa damu bila kuumiza, na mlinzi wa getini, na wote wanaohangaika na afya za watu wasiowaomba.

Ni mimi, mwenye kusitiri,
Fundi Sitara

Tanbihi: Nilikusudia kukukabidhi barua hii mkononi. Naandika mistari hii nimeketi kwenye ngazi zenu, hata ghorofa ya kwanza sijaimaliza, jasho la baridi linanitoka na kifua kimenibana. Kaka alinisindikiza. Amesimama hapa kando yangu, amenyoosha mkono wa kushoto, anasubiri nimalize apande nayo yeye. Yote niliyoandika hapo juu yahesabu kuwa ni maneno ya mtu aliyekuwa amekaa dukani kwake. Naogopa, Daktari. Ukimwona mlangoni kwako anahema na mguu anauburuta, usimkalishe yeye. Mgonjwa ni mimi, niko huku chini. Tafadhali fanya haraka.