Waya Nilioukalia

Leo nimejiunguza makalio kwa hesabu iliyo sahihi kabisa. Nawaambia mwenyewe mapema, maana hapa Shauri Moyo habari hufika soko la Gikomba kabla mhusika hajavaa viatu.

Asubuhi jirani yangu Mama Zuhura alibisha hodi. Mama huyu huoka keki, na ya leo ilikuwa ya harusi Eastleigh, ya ghorofa tatu, kubwa kuliko zote alizowahi kuagizwa. Wenyewe wangeijia baada ya sala ya adhuhuri. Mama wa bibi harusi alikuwa amemwambia wazi kwamba yeye alitaka keki ya dukani, ni binti tu aliyeng'ang'ania. Na sasa soketi ya Mama Zuhura ilikuwa imeungua. Akaniomba avute stima kutoka kwangu.

Mtu mwingine angesema, "Vuta." Mimi nilisoma fizikia hadi kidato cha nne, kwa hiyo nikatafuta chaki.

Ninao waya mrefu wa ekstensheni, ule tunaoazimana kwenye matanga kwa ajili ya spika. Ninacho pia kidude cha kuchomeka kwenye soketi, kinachoonyesha volti na ampea. (Mke wangu hukiita kitinda mimba wangu.) Nikakichomeka ukutani kwangu; oveni ilipowaka, kikaonyesha volti 240 na ampea 10. Nikaandika mlangoni kwa herufi kubwa: nguvu ni volti mara ampea, wati 2,400. Nikaeleza kwamba waya wenyewe umeandikwa ampea 13, kwa hiyo tumebakiza tatu za akiba. Majirani waliokuwa wakianika nguo wakasogea. Mzee Odhiambo, ninayecheza naye drafti, akaanza kuniita Profesa. Sikumkataza.

Kisha nikakihamishia kidude upande wa oveni. Kikasoma volti 228.

"Hizo kumi na mbili zimeenda wapi?" Mama Zuhura akauliza.

"Hupotea tu njiani," nikamjibu. "Ni kawaida."

(Lilikuwa swali bora la asubuhi nzima, nami nikalifukuza kama nzi.)

Sasa, milango yetu inatazamana, kwa hiyo sehemu kubwa ya waya ilibaki haina kazi. Na mtaani kwetu huachi waya chini ukaenda zako. Ukigeuka kumsalimu mtu, shaba yako iko kwenye mizani ya vyuma vikuukuu. Nikaukunja duara nadhifu, nikaufunga kwa kamba, nikauweka kwenye kiti changu mlangoni, nikatandika mto juu yake, nikaukalia. Ulinzi kamili.

Mnajua baridi ya Julai. Baada ya muda nikahisi joto zuri likipanda taratibu. Nikamwambia Odhiambo kwamba mgongo wangu haujatulia hivi tangu nistaafu. Mke wangu akapita, akasema kuna kitu kinanuka plastiki. Nikamwambia kuna mtu anachoma takataka. (Mtu mwenyewe ni mimi, na takataka ni suruali yangu.) Nikaendelea na somo. Ukinzani, yaani ule ubishi wa kifaa dhidi ya umeme, ni volti kugawanywa kwa ampea. Oveni ile, volti 228 kwa ampea 10, ina omu 22.8. Nilikuwa ndio kwanza nafika kwenye utamu wake ndipo Odhiambo akasema kwa upole:

"Profesa, unafuka."

Nikasimama. Mto nao ukasimama nami. Waya ulikuwa umeyeyuka ukashikana na mto, mto umeshikana na suruali, na suruali, basi, tuishie hapo. Fyuzi ikalia pa, stima ikakatika, na pale nje nikabaki nazunguka mbele ya majirani kama mbwa anayetafuta mkia wake.

Ghorofa ya pili ya keki ilikuwa bado ndani ya oveni.

Nilitarajia kilio, na ningestahili. Mama Zuhura alipita kando yangu, akachomoa plagi ukutani kwanza, ndipo akanibandua mto. Akanitupia leso nijifunge. Kisha akarudi kwake, akaweka kiganja kwenye kioo cha oveni, akasema, "Moto wa ndani utatosha. Atakayefungua mlango huu tutakosana." Ya tatu akaitia kwenye sufuria, makaa chini, makaa juu ya kifuniko, kama walivyooka wazazi wetu. Mikono yake haikuharakisha hata kidogo. Nimeishi miaka mingi na sijaona utulivu wa namna ile.

Leso yenyewe ilikuwa imeandikwa: Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi, kwa wakati huo, nisingethubutu kuinama.

Wenyewe walikuja kwa wakati. Mama wa bibi harusi akaizunguka keki, akaonja vipande vilivyopunguzwa pembeni, akaonja tena. Akauliza ule moshi unaosikika kwa mbali kwenye keki ni wa nini. Mtaa mzima ukanigeukia mimi na leso yangu.

"Hiyo ni siri ya jiko langu," Mama Zuhura akasema.

Mama yule akainamisha kichwa kwa heshima, akauliza kama anaweza kuwaokea keki ya harusi ya kaka mtu pia.

Walipoondoka, Mama Zuhura akanipa chaki. "Haya, Baba Njeri. Zile kumi na mbili?"

Nikahesabu kwa adabu. Volti 12 kwa ampea 10: waya nao una omu yake moja nukta mbili. Volti 12 mara ampea 10: wati 120. Balbu mbili za zamani za sitini sitini. Waya ukinyooshwa, joto hilo huenda na upepo. Ukikunjwa na kukaliwa, halina pa kwenda ila kwa mzee.

Naomba mkicheka mchekee mbali. Mke wangu ameianika ile suruali kambani, tundu likitazama barabara. Imeshinda pale tangu mchana bila mlinzi, na hakuna mwizi hata mmoja aliyeitaka.