Ziara ya Kundi la Nne

Jumatatu, 21 Aprili

Wewe uliyeufungua ukurasa huu, nakuomba kwa heshima: utakayoyasoma hapa yafe nawe. Usimwambie Mama. Zaidi ya wote usimwambie Bi Lorraine, karani mkuu wa mji wetu, aliyenifundisha kazi na anayeamini kuwa Emmett Dufresne ni kijana mtulivu.

Jibu la Chuo cha Wexcombe limekuja. Hawakunikataa. Hawakunikubali. Wameniweka kwenye orodha ya akiba, kama mchezaji anayekaa benchi na jezi safi akingoja mwenzake avunjike mguu. Aliyekubaliwa akiikataa nafasi yake kabla ya Mei mosi, huenda wakaniita. Huenda.

Bi Lorraine akanipoza. Akasema si neno, mimi na dirisha hili la leseni tunafaana. Yeye naye alikuja kwa muda tu. Anatoa leseni za mbwa tangu kabla sijazaliwa.

Nilikwenda chooni nikakaa kidogo.

Jumatano, 23 Aprili

Jirani yetu Greta Pelkey amekubaliwa Wexcombe. Mama yake amechomeka bango mbele ya nyumba: HAPA ANAISHI MWANAFUNZI WA WEXCOMBE. Nalipita kila asubuhi. Leo Greta alinikuta nimeganda mbele ya bango. Akaniuliza kama nalisoma au naliombea. Nikasema nilikuwa naangalia matope. Vermont, mwezi wa Aprili, theluji ikiyeyuka, hilo ni jibu la kutosha.

Kazini akili haikuwepo. Leseni ya Mzee Bouchard nimeandika jina lake mahali pa jina la mbwa. Kwa mujibu wa ofisi yetu, Mzee Bouchard sasa ana manyoya ya kahawia na amechanjwa kichaa cha mbwa.

Lakini nimepata njia. Nafasi haitokei mpaka mtu akatae. Jumamosi waliokubaliwa watatembezwa chuoni na wazazi wao, ndipo waamue. Wengi bado wanasitasita. Nitajichanganya nao na kunong'ona. Maneno machache tu kuhusu baridi, chakula, ukungu wa kuta. Si uongo. Ni ukweli uliochambuliwa.

Jumamosi, 26 Aprili

Kosa lilikuwa koti. Nililinunua majira ya baridi, la kijani, rangi ya Wexcombe, kwa matumaini. Sina lingine la mvua. Sikukumbuka kuwa wanafunzi wanaotembeza wageni nao huvaa kijani.

Nilisimama chini ya kibao cha Kundi la Nne, nikijikusanyia ujasiri. Baba mmoja wa New Jersey akaniambia, haya kijana, tunaganda hapa, tutembeze. Wote wakanitazama. Nilitaka kusema mimi si mtembezaji. Miguu ikatangulia. Nikaanza kutembea kinyumenyume, uso kwa wageni, kama watembezaji wote wafanyavyo. Ziara hii nimeifuata mara nyingi mno. Naijua kuliko njia ya kwetu.

Mwisho wa kundi: Greta. Alitabasamu tu, jambo lililonitisha kuliko maneno.

Basi nikaanza kubomoa. Nikasema hapa usingizi ni wa likizo. Baba wa New Jersey akaandika. Nikasema walimu hukurudishia insha mpaka uione ndotoni. Mama mmoja akamfinya mwanawe: "Umesikia, we mvivu?" Nikasema sherehe hakuna, baridi haina mwisho, viazi ni vya kuchemsha. Msichana aliyekuwa anaegemea chuo kimoja cha ufukweni California akaacha kutafuna chingamu. Akasema kule walimwonyesha bwawa la kuogelea tu. Hapa angalau hawamfanyi mtoto.

Nikababaika. Nyuma ya maktaba nikarudi nyuma moja kwa moja hadi matopeni, na matope yakameza kiatu changu cha kushoto. Nikaendelea na soksi. "Mnaona?" Baba wa New Jersey akawaambia wenzake. "Kijana wa hapa hazuiwi na kiatu." Wakapiga makofi.

Kwenye dirisha kubwa la maktaba ubaya uliniishia. Ndani watu wanasoma, taa zinawaka, mvua inapiga kioo. Nikasema tu kwamba ningetoa chochote nikalie kile kiti cha pembeni. Mama yule akatoa leso.

Tulipomaliza, Greta akauliza, kwa sauti ya kusikiwa na kila mtu, mimi niko mwaka wa ngapi. Nikasema hilo bado linajadiliwa.

Ijumaa, 2 Mei

Wexcombe wameandika. Waliokubali nafasi ni wengi kuliko vitanda. Orodha ya akiba imefungwa. Sababu hawaijui. Mimi naijua.

Jioni Greta aliniita pale kwenye bango. Akasema niache kununa, anataka kunishukuru. Kumbe bango ni la mama yake. Yeye alikwisha kuamua kukataa, aende chuo cha jimbo na rafiki zake. Jumamosi alikwenda ili tu asilaumiwe nyumbani. Kilichombadilisha ni kile kiti cha pembeni.

"Na wewe Emmett bwana," akasema, "nilikuwa nakuachia nafasi bure, ukanirudishia mwenyewe."

Nikampa hongera. Nikaingia ndani nikala viazi. Vya kuchemsha.

Jumatatu, 5 Mei

Bi Lorraine ameniuliza mbona viatu vyangu havifanani. Nikasema ndiyo mtindo.

Nimepima mambo kwa utulivu. Mpango ulikuwa mzuri. Kasoro moja tu: nilikiponda chuo, wakakipenda. Basi dawa ni kukisifu. Juni watarudi kuonyeshwa mabweni. Nitasifu magodoro, sherehe na bwawa mpaka wakimbie, na orodha iliyofungwa itafunguliwa. Koti la zamani limekataa kutakata matope yale. Nimeagiza lingine. La kijani, ndiyo rangi inayonipendeza.

Ukimsikia yeyote anayesitasita, nijulishe. Usipige simu ya ofisini, Bi Lorraine husikiliza. Usije nyumbani, Mama hudodosa. Njoo ofisi ya mji, dirisha la pili, siku yoyote ya kazi, useme unataka leseni ya mbwa anayeitwa Wexcombe. Nitaelewa. Ukimkuta Bi Lorraine yuko karibu, itabidi uichukue leseni yenyewe. Kwa hiyo njoo na cheti cha chanjo. Bila cheti siwezi kukuhudumia.