Shemeji Apiga Simu Redioni

Jumatatu, 3 Machi
Ushindi! Bi Matangazo, ofisa wa mchapishaji anayekinadi kitabu changu, ametupatia nusu saa redioni Alhamisi. Amewabembeleza watu wa redio miezi miwili. Ameniomba jambo moja tu: nisimpange mtu wa kupiga simu kunisifu. Mtangazaji aliwahi kudanganywa hivyo, hataki kurudia. Nikaapa. Sikumwambia kwamba nimeshampanga shemeji.

Jumanne, 4 Machi
Shemeji, mume wa dada yangu, ana sauti ya busara. Nimemwandikia ukurasa mzima. Kazi yake kusoma tu. Dada akauliza kwa nini nisiwaachie wasomaji wenyewe. Dada hajui biashara.

Alhamisi, 6 Machi
Aibu! Laiti ardhi ingepasuka inimeze.

Nilimzungumzia vizuri marehemu baba na cherehani yake, maana ndiyo habari ya kitabu. Simu ikaita. Shemeji. Akajitambulisha kuwa mwalimu mstaafu (ni fundi bomba). Akasifu, akasifu, hakuna kupumua. Kisha akasoma, kwa sauti ileile ya busara: "Hapa nyamaza kidogo, halafu vuta kamasi kama unalia."

Mtangazaji akanitazama. Mimi nikatazama maikrofoni. Shemeji akavuta kamasi.

Wakaweka muziki kabla muda wetu haujaisha.

Nje, Bi Matangazo hakufoka. Afadhali angefoka. Akasema kulikuwa na mtu mwingine akisubiri kwenye simu: muuguzi aliyewasomea wagonjwa wake kitabu changu, mwanzo hadi mwisho. Hakupangwa na yeyote.

"Ulikuwa na msomaji wa kweli," akasema, "ukamzibia njia."

Nilirudi nyumbani kwa miguu nikiinamisha kichwa. Naona haya hata kuandika hapa.

Ijumaa, 7 Machi
Bi Matangazo amekwenda redioni kuomba radhi kwa ajili yangu. Wamemwambia asiwapelekee mwandishi yeyote mwaka huu. Waandishi wengine wanane wanamtegemea! Nimemwandikia kumwomba msamaha. Akajibu kwamba amenisamehe, ila nisifanye chochote. Chochote kabisa.

Jumamosi, 8 Machi
Nimetafakari sana. Kosa nimeliona: shemeji. Na maskini muuguzi hakupata nafasi ya kusema! Nimemsemea. Barua ya kurasa tatu kwa mtangazaji, nikijifanya muuguzi huyo anayenisifu na kumtetea Bi Matangazo. Inaliza. Nimeituma asubuhi.

Safari hii maelekezo nimeyafuta yote.