Hodhi la Josie na Siku Tatu za Kujitoa

Jumatatu, 4 Machi
Nimetia sahihi. Nyumba ya vyumba vitatu ndani ya mtaa wa Egret Hollow, geti linalofunguka lenyewe, na hodhi la kuogea, jeupe. Josie ana miezi kumi, na tangu azaliwe namwogesha kwenye kasha la barafu ambalo mume wangu Wendell hubebea samaki. Trela la mama mkwe, nyumba ya magurudumu tunamokaa, halina hodhi.

Arubuni tuliyoweka ni dola elfu nne. Ni jasho la Wendell, la kuezeka mapaa tangu kimbunga kipite.

Dalali wetu, Bi Charmaine, alikumbuka ukurasa mmoja mwishoni. Mpenzi wangu, akasema, huu ulitakiwa uupate kabla hujatia sahihi, basi una siku tatu za kujitoa na arubuni yako unarudishiwa. Nikacheka. Nani ajitoe?

Nimeusoma Josie akinyonya. Ada ni mbili. Ya kwanza ni ya chama cha wenye nyumba, dola tisini na tano kwa mwezi: geti, bwawa, nyasi za njiani. Hiyo tuliijua. Ya pili ni ya wilaya ya maendeleo ya mtaa, yaani bodi ya mtaa huu tu. Walikopa kujenga barabara na mabomba, na wenye nyumba ndio wanalipa. Inakuja pamoja na kodi ya nyumba, dola elfu mbili na mia tatu kila mwaka, na imebaki miaka ishirini na sita. Nilidhani barabara ni za serikali.

Siku deni linaisha, Josie atakuwa na miaka karibu ishirini na saba.

Wendell sijamwambia. Nina mpango.

Jumanne, 5 Machi
Nimeanza na chama. Nimemwendea meneja, Bwana Pruitt, na Josie kiunoni, maana mtoto hulainisha watu. Nikamweleza kwa adabu kwamba sisi hatuogelei, na tutaingilia upande wa nyuma penye uwazi kwenye uzio, kwa hiyo geti na bwawa atutolee kwenye ada.

Akaniuliza kama nyasi za njiani nazo nitazifumbia macho nikipita. Halafu akasema asante kwa habari ya uwazi, atauziba leo.

Akaendelea, kwa kuwa nimefika. Asiyelipa, chama kinaweza kuishika nyumba yake. Mlango haupakwi rangi bila ruhusa. Boti haikai uani.

Wendell ana boti. Alikuwa nayo kabla yangu. Hilo nalo sijamwambia. Yatakuwa mengi kwa mpigo.

Josie amemtapikia Bwana Pruitt kwenye tai. Kidogo tu.

Jumatano, 6 Machi
Nimesikia bodi ya wilaya ina viti vitano na kimoja kiko wazi. Mpango mpya: nikalie kiti hicho, kisha nipige kura deni lifutwe. Nikapika pudini ya ndizi kwa mapishi ya mama mkwe, bakuli lake kubwa, nikaenda kikaoni.

Mwenyekiti, mzee Stanhope, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, mama, deni hili ni la watu waliotukopesha, sisi tunakusanya tu. Kupiga kura ya kulifuta ni sawa na kupiga kura mvua isinyeshe. Na kiti ni cha mkazi aliyejiandikisha kupiga kura hapa. Wewe unakaa wapi? Nikasema trela.

Mama mmoja wa bodi akanifariji kwamba deni linaweza kulipwa lote mara moja, kama elfu thelathini na moja hivi. Ila ada ya kutunza mitaro ingebaki, hiyo haina mwisho. Nina dola mia mbili na kumi na mbili.

Pudini wameimaliza. Bakuli nimelirudisha tupu.

Alhamisi, 7 Machi
Bakuli limenichongea. Mama mkwe, Bi Verna, alitaka kujua nani amekula pudini yake. Katika kutafuta jibu akaupata ukurasa chini ya nepi. Akausoma wote, akavua miwani. Mwanangu, akasema, umenunua nyumba au umeolewa mara ya pili, na wakwe wawili?

Wendell hakufoka. Alikaa juu ya kasha la barafu na penseli. Akasema mkopo tunauweza, chama tunakiweza kwa kujibana, hii ya tatu, ya wilaya, itatoka kwenye sahani ya Josie. Hapo nikamwambia na la boti. Alitoka akaenda kuitazama.

Barua ya kujitoa tumeifikisha saa kumi na dakika ishirini. Bi Charmaine akaikagua saa yake, akasema mpenzi wangu, muda ulibaki kidogo tu. Nimelia ndani ya gari. Josie akanipangusa kwa soksi yake.

Jumatatu, 18 Machi
Arubuni imerudi. Wendell amenipa hundi nikaiweke benki, kuonyesha ananiamini.

Sikufika benki. Njiani kuna nyumba inauzwa, kando ya ziwa, bei chini ya nusu ya ile. Hodhi lina miguu minne kama ya simba. Safari hii nimeuliza kama mtu aliyesoma. Kuna chama cha wenye nyumba? Hakuna. Kuna wilaya? Hakuna. Boti? Hata mbili. Nikamtazama muuzaji mpaka akainamisha macho.

Arubuni nimemwachia, elfu nne zote, na sahihi nimetia.

Amenipa ukurasa mmoja tu, una kichwa kinachosema Kodi ya Kiwanja kwa Mwezi. Kumbe nimenunua nyumba tu, kiwanja kina mwenyewe. Kwa mwandiko wake anaonekana mtu mpole. Nitampikia pudini.