Kwaya ya Buffalo Haitaanza

Buffalo, East Side

Kwa Dada Jeptoo,
Katibu, Kamati ya Mchezo wa Maadhimisho,
Chuo cha Wexley.

Mheshimiwa Katibu, dada yetu mpendwa,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KUFUFUA UGOMVI ULIOKUWA UMELALA VIZURI

Pokea salamu zangu zenye heshima zote. Hapa nyumbani wote ni wazima, isipokuwa mimi. Nimekuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa wewe ni Mkenya, na utaweza kuwasomea wazungu wa kamati zile sehemu utakazoona zinawafaa. Nimejitahidi kuandika Kiswahili cha darasani. Ukikuta mahali nimeteleza, ujue hapo hasira ilinizidi na Kiswahili changu cha Bukavu kikapenya.

Mimi ni Bisimwa, rais wa Kwaya ya Bethsaida, mwimba besi, mfanyakazi wa ghala, na baba wa Jules ambaye ni mwanafunzi wenu. Wiki iliyopita nilipokea mwaliko wako. Ulinieleza kwamba Chuo cha Wexley na Chuo cha Tolliver cha kule Louisville vilikuwa mahasimu wakubwa wa futiboli ya Kimarekani, kwamba havijakutana uwanjani tangu enzi za babu zao, na kwamba mwezi wa kumi vitacheza tena kuadhimisha miaka mia tangu mchezo wa kwanza. Kwa kuwa Buffalo na Louisville ni mbali, mtakutana katikati, Columbus. Na wakati wa mapumziko zitaimba kwaya mbili: yetu ya Buffalo, na ile ya Mlima Karmeli ya Louisville. Hadi hapo nilikuwa nasoma nikitabasamu. Kisha nikafika kwenye sentensi ya mwisho: "Kuhusu nani ataanza, kwaya zenyewe zitakubaliana."

Dada Jeptoo, ni nani aliyekutuma uandike sentensi hiyo?

Malalamiko yangu nimeyapanga kwa namba ili kamati isiseme haikuelewa.

La kwanza. Jules aliponieleza kwamba kuna kamati nzima, yenye mwenyekiti na chai, inayokutana ili kurudisha uhasama, nilimwomba arudie. Akarudia, kwa Kiingereza kama kawaida yake: "Dad, it's tradition." Mimi natoka mahali ambapo uhasama hauhitaji kamati. Unajifufua wenyewe, bila keki. Tuliukimbia na masufuria kichwani, tukakaa kambini Tanzania mpaka watoto wakaota ndevu, tukiomba tupelekwe nchi yoyote ambayo watu wamesahau kuchukiana. Tukaletwa Buffalo. Kumbe ni kweli hapa watu walisahau, ila sasa wanautafuta kwa tochi.

La pili. Nilimtuma Jules akaulize chanzo cha ugomvi wenyewe. Akaniletea habari kwamba zamani vijana wa Tolliver waliiba mbuzi wa Wexley, wakampaka rangi ya zambarau, wakamrudisha. Wexley wakalipiza kwa kuchukua ndoo yao ya makaa, na tangu hapo aliyeshinda mchezo aliondoka na ndoo. Nisamehe, dada, lakini kwetu mbuzi aliyeibwa harudi na rangi. Akirudi, anarudi akiwa kwenye sahani, pamoja na ndizi. Ugomvi wa namna hii hauna uzito wa kuwatoa watu Louisville. Kama kamati inatafuta uhasama wenye mizizi, mimi ninao. Uko hai, una afya njema, haukuwahi kufa hata siku moja. Naweza kuwaazima.

La tatu, ambalo ndilo lenyewe. Mnataka tukutane Columbus.

Rais wa kwaya ya Louisville anaitwa Nshombo. Kambini tuliimba kwaya moja, mimi na yeye, bega kwa bega, tukisoma kitabu kimoja cha nyimbo kilichokuwa kimepoteza jalada. Yeye ana ile sauti ya juu inayopanda mpaka unaangalia dari, mimi nina besi. Ndege ikampeleka yeye Louisville na mimi Buffalo, kila mmoja akaanzisha kwaya yake, na kila Jumapili tukapigiana simu kuulizana tumeimba nini. Mungu akazidisha baraka: binti yangu Gracieuse akapendana na kijana wake Elie. Tukawa wakwe. Harusi ikapangwa Reynoldsburg, pembeni ya Columbus, kwa sababu Elie alikuwa amepata kazi na nyumba huko.

Sasa unisikilize vizuri, maana nyinyi Wakenya sijui mnafanyaje. Desturi yetu ni kwamba kwaya ngeni huimba mwisho. Wenyeji wanaanza, wanachangamsha kanisa, kisha mgeni anafunga kwa heshima. Kumtanguliza mgeni ni kama kumwambia aoshe vyombo kabla hajala. Na lile kanisa la Reynoldsburg halikuwa na kwaya. Lilikuwa na kinanda, na kipaza sauti kimoja kilicholazwa juu ya meza mbele. Kwaya yangu ilikuwa imesafiri, kwa hiyo tulikuwa wageni. Kwaya ya Nshombo nayo ilikuwa imesafiri, kwa hiyo nao walikuwa wageni. Mchungaji akasema, "Bon, sasa tukaribishe kwaya."

Nikamtazama Nshombo, nikamwonyesha kipaza sauti kwa mkono, kwa adabu. Akanionyesha mimi, kwa adabu ileile. Nikamwonyesha tena. Mchungaji akasoma zaburi. Alipoona hakuna aliyesimama, akasoma nyingine. Mimi nilikuwa nasema moyoni kwamba Buffalo ni mbali zaidi na Columbus kuliko Louisville, kwa hiyo sisi ni wageni zaidi. Yeye, nilivyosikia baadaye, alikuwa anasema kwamba baba wa bibi harusi ni mwenyeji popote alipo. Nakiri kwamba hoja yake ina maana, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Waimbaji wetu walikaa kimya na sare zao mpya za kitenge, upande huu na upande ule, na kile kipaza sauti kikabaki mezani hakijaguswa na mtu. Binti yangu akaingia kanisani kwa muziki wa simu ya mtu. Katikati ya wimbo mwenye simu akapigiwa kutoka kazini.

Tangu siku ile mimi na Nshombo hatujaongea. Nangoja anipigie. Nasikia naye anangoja. Na nyinyi, katika Marekani yote hii, hamkuona mahali pa kutukutanisha ila Columbus, ambako sote tutakuwa wageni tena, mbele ya uwanja mzima.

La nne limefutwa na mke wangu, Charlotte, ambaye alikuwa anasoma nyuma ya bega langu. Lilihusu rangi ya sare za Louisville. Alisema: "Weye Bisimwa, donc unaandikia bazungu mambo ya mu nyumba yetu? Mutu akianza kuimba, anakufaka?" Kwa Kiswahili cha darasani: kwani mtu akianza kuimba hufa? Nikageuza ukurasa.

La tano. Nilipokupigia simu kulalamika, ulinijibu: "Mzee, relax, si mtoss coin tu? Ni half-time, mnaimba then mnatoka." Nilikata simu. Naomba radhi kwa hilo, mimi si mtu wa kukata simu. Lakini jioni ile Jules alinikalisha mbele ya televisheni anifundishe mchezo wenu, nisije nikaiaibisha familia uwanjani. Nilielewa machache. Wanaume wakubwa wanainama, wanagongana, wanasimama kujadiliana kwa muda mrefu, kisha wanainama tena, kama kikao cha wazee wa kanisa. Lakini mwanzo wake ulinishika. Refa anarusha sarafu, mshindi anaulizwa anataka nini, na mara nyingi mshindi anasema: waanze wenzetu na mpira, sisi zamu yetu iwe kipindi cha pili. Nilisimama nikapiga makofi peke yangu sebuleni. Kumbe Wamarekani wanajua! Aliyeshinda haanzi. Sasa kama vijana wenye kofia za chuma wanaelewa heshima ya kuwa wa pili, kwa nini kamati inataka kunivunjia yangu?

La sita ni mapendekezo, ili msiseme Bisimwa anajua kulia tu. Mchezo uhamishiwe Buffalo, na mimi nitaanza kuimba kwa furaha, kwa sababu nitakuwa mwenyeji. Au uhamishiwe Louisville, aanze yeye. Kama hilo ni gumu kwa sababu tiketi zimeshauzwa, basi kuwe na mapumziko mawili, na yetu yawe ya pili. Kama hilo nalo ni gumu, kwaya zote mbili ziimbe kwa wakati mmoja nyimbo tofauti, kila moja ikitazama upande wake wa uwanja. Na kama hata hilo haliwezekani, basi naomba Wexley na Tolliver wenyewe waonje tunayoyaonja: mpira uwekwe katikati, na kila timu iiombe nyingine ianze, kwa adabu, mpaka jua lizame. Hakuna atakayeumia goti. Ndoo mtaigawana vipande viwili.

La saba sikutaka kuliandika. Gracieuse na Elie wana mtoto wa kike, Généreuse, wanakaa palepale Reynoldsburg. Mimi humtembelea Pasaka na Nshombo humtembelea Krismasi. Mwaka unaofuata tunabadilishana, ili tusikutane mlangoni na kuanza kungojana nani asalimie. Ratiba hiyo aliipanga Gracieuse, na wakati ananisomea kwenye simu alikuwa analia. Sasa yule mtoto anaamini kwamba babu ni mmoja tu, ambaye hubadilika sura. Mara ya mwisho alinishika ndevu, akazivuta, akaniuliza nimezitoa wapi, maana Krismasi sikuwa nazo.

Nilicheka mbele yake. Njiani kurudi Buffalo sikucheka. Ninamkumbuka Nshombo, Dada Jeptoo. Ninamkumbuka kila Jumapili ibada ikiisha, ninapoishika simu na kuirudisha mfukoni. Ungenifanyia wema usiwasomee kamati sehemu hii. Lakini kumkumbuka mtu ni jambo moja, na kumtangulia kuimba ni jingine, na mimi ni rais wa kwaya, nina watu nyuma yangu wanaonitazama.

Kwa hayo yote, naiomba kamati kwa unyenyekevu iufute mchezo huu, iwarudishie watu tiketi zao, na iuache uhasama wa vyuo vyenu upumzike mahali ulipokuwa. Kama mtaendelea, basi ijulikane kwamba Kwaya ya Bethsaida itakuja Columbus, itavaa sare, itakaa mahali itakapoonyeshwa, na haitaanza. Tumeshawahi kukaa kimya Reynoldsburg, na tunaweza kukaa kimya tena.

Nisalimie mwenyekiti wenu, na wachezaji, na mama yule wa ofisini aliyemsaidia Jules kupata chumba. Wasalimie wazazi wako Kenya ukiongea nao, waambie mtoto wao tunamtunza ingawa anatusumbua. Charlotte anakusalimu na anasema uje ule sombe, yaani kisamvu chetu, Jumamosi. Kama yule mbuzi aliacha kizazi, nacho nakisalimu.

Ni mimi, mwenye uchungu lakini mwenye heshima,

Bisimwa
Rais, Kwaya ya Bethsaida

N.B. Bahasha ilikuwa imeshafungwa na Jules ameshavaa koti aje akuletee, ndipo Charlotte akaniambia jambo. Anasema aliyewaomba mualike kwaya zote mbili ni Gracieuse. Anasema hata ile sentensi ya mwisho ni Gracieuse aliyekuomba uiweke, ili baba zake walazimike kupigiana simu. Nimemvua Jules koti asiondoke, nimekaa jikoni nalo mkononi, naye akiniuliza kwa Kiingereza kama niko sawa.

Basi andika hivi: Buffalo tutaanza. Mchezo uendelee, na ndoo achukue atakayeichukua. Ila usimwambie Nshombo, maana akijua nimekubali, naye kwa adabu atasema Louisville ndio waanze, na tutarudi palepale.

Tutaimba wimbo tuliokuwa tukiuimba kambini, mimi na Nshombo. Kuna mahali ambapo besi inanyamaza na ile sauti ya juu inaingia peke yake. Katika kwaya yangu hakuna anayeifikia, kwa hiyo miaka yote tumekuwa tukiuruka ubeti huo. Safari hii hatutauruka. Tukifika hapo tutanyamaza, tungoje. Kungoja mimi nimezoea.

Naomba tu kamati iweke kipaza sauti cha pili, upande wa Louisville, na kiwe kimewashwa.