Mwiko Shingoni mwa Titanosauri

Jumatatu, 10 Novemba 2025

Arsène anataka chumba changu! Chumba cha makusanyo ya shule: mawe, pembe, popo mkavu, na mimi, minye Bertin, mtunzaji wake miaka kumi na moja. Yeye, mwalimu wa kemia, anataka kuweka kompyuta mle. Préfet, mkuu wetu wa shule, amemsikiliza akikuna kidevu. Uamuzi Jumamosi. Nikinyang'anywa ufunguo, narudi kulinda geti. Geti! Kila asubuhi nimfungulie Arsène na mkoba wake. Sikubali. Lazima nipate kitu kikubwa.

Jumanne, 11 Novemba

Nimepata! Nilikwenda Kapolowe kwa mama mkwe, Mama Émilienne. Ana jiwe la kukandamizia muhogo kwenye pipa la kulowekea. Marehemu mumewe, dereva wa lori, alilitoa kaskazini mwa Malawi. Miaka yote naliona, leo nimelitazama. Si jiwe, ni mfupa! Upande mmoja umevimba kama mpira, wa pili umebonyea kama bakuli. Mbele ya mama mkwe sifungui mdomo ovyo, ni heshima, kwa hiyo aliomba mke wangu Fidélie. Mama akakubali kwa shingo upande. Akasema: “Muniletee kintu yangu dimanche, iko na muhogo ya kuloweka.” Yaani Jumapili, siku moja tu baada ya uamuzi.

Nimepiga picha upande wa bakuli, nimemtumia Professeur Clotilde wa Lubumbashi, anayechunguza mifupa ya kale. Jibu limekuja kabla hatujarudi Likasi. Anaona ni pingili ya shingo, huenda ya titanosauri, wale dinosauri wa shingo ndefu kuliko basi. Anakuja Jumamosi mwenyewe. Mpaka afike, ni mwiko kuugusa. Mawee! Arsène, umekwisha.

Jumatano, 12 Novemba

Balaa. Nimeuosha mfupa utelezi wa muhogo. Matundu! Mbavuni kote. Makubwa yanameza kidole gumba, na pale ulipovunjika, ndani ni vijumba vidogo vidogo kama mkate. Umeoza. Umeliwa na wadudu! Arsène amechungulia dirishani akacheka mpaka akashika tumbo. Akasema: “Weye Bertin, ile iko jiwe ya Kakontwe tu, na tena ya kuoza.” Professeur akikuta mfupa mbovu, anageuza gari, na minye getini.

Lakini ngoja. Baba yangu alikula vumbi la kiwanda cha simenti Kakontwe, kule kwenye machimbo ya chokaa, maisha yake yote. Mtoto wake ashindwe na matundu? Nyuma ya nyumba pana nusu mfuko.

Alhamisi, 13 Novemba

Yamezibwa! Professeur alisema ni mwiko, basi nimetumia mwiko, wa fundi mwashi jirani. Sikuugusa hata kwa ukucha. Simenti nimeichanganya na vumbi jekundu ipate rangi. Ubavu wa kulia umenyooka kama ukuta wa nyumba ya askofu. Wa kushoto simenti imeniishia. Haidhuru, nitaulaza chini, nani ataona?

Ijumaa, 14 Novemba

Mvua tangu asubuhi. Simenti haikauki! Nimebonyeza, kidole kimeacha alama. Nimeuweka mfupa kando ya mbabula, jiko la mkaa la Fidélie, makaa machache tu. Fidélie ameuliza kama leo tunapika bukari, ugali wetu, au tunapika dinosauri. Nimebonyeza tena. Alama tena. Arsène amepita kuulizia afya yangu. Tangu lini anajali afya yangu? Nimeufunika kwa blanketi, nikamwambia mtoto ana homa. Akauliza mtoto yupi. Tina, mtoto wetu wa pekee, alikuwa amesimama pale pale, mzima wa afya, anakula muwa!

Jumamosi, 15 Novemba

Saa tatu kamili, chumba cha makusanyo, mfupa mezani. Préfet, Professeur Clotilde, Arsène. Na nje ya mlango, maboksi ya kompyuta! Ameshayaleta!

Professeur ameinama juu ya mfupa. Mikono yangu nimeificha mifukoni. Akauliza matundu yako wapi. Nikajibu, kwa bahati nzuri hakuna. Akasema lazima yawepo. Titanosauri alikuwa na vifuko vya hewa kama ndege, hewa ikaingia mpaka ndani ya mifupa. Bila hayo matundu, shingo ya mita kumi isingeinuka kutoka chini. Na kwa hayo matundu ndipo mnyama anajulikana ni wa ukoo gani. Akapitisha ukucha. Ukucha ukazama! Akaitazama simenti, akanitazama minye. Arsène alikuwa ameshaingiza boksi la kwanza.

Kisha Professeur akaugeuza mfupa. Ubavu wa kushoto! Matundu yote wazi, vijumba vyote safi! Akapiga kelele ya furaha. Titanosauri, hana shaka!

Préfet akatangaza: chumba kinabaki. Nikarusha mikono juu. Akaendelea: ufunguo apewe Arsène, maana muntu wa kemia anaelewa simenti. Kazi yangu ni kuichokoa kwa sindano, punje kwa punje. Arsène akanyoosha mkono, nikauweka ufunguo kiganjani mwake. Nilikwenda nyuma ya madarasa nikalia. Mama Émilienne amepelekewa jiwe la chokaa, zito zaidi. Hajaridhika.

Jumatatu, 24 Novemba

Nachokoa. Vidole vimevimba. Arsène ananifungulia asubuhi, ananifungia jioni, na kila mara anapiga mluzi. Professeur anarudi Jumamosi kukagua.

Leo nimegundua jambo. Mwiba wa mfupa unaosimama juu ya pingili umevunjika ncha! Aibu gani hii? Mgeni anatoka Lubumbashi kuangalia kitu kilichovunjika? Ncha mpya nzuri, ndefu kidogo, na préfet ataona ni nani mtunzaji wa kweli. Ikiharibika, ataulizwa mwenye ufunguo. Dada wa hospitali amenipa plasta ya kufungia miguu iliyovunjika. Plasta si simenti, na hakuna aliyetaja plasta. Nimeshaikoroga.