Shikamoo ya Namba Kumi na Nne

Jumatatu, 4 Machi

Kambi imeanza. Mechi ni Jumamosi. Nchi nzima inabishana nani acheze mbele na Mnara, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza mimi. Mimi! Miaka kumi na sita nafua jezi za timu ya taifa.

Mnara hana mjadala. Mrefu, kila krosi ni yake. Swali ni mwenzake. Kiroboto au Profesa? Wote wafupi, wote vipara, ukiwaona kwa nyuma utadhani tumbo moja. Lakini mimi nawajua kwa kapu la nguo chafu. Jezi ya Kiroboto inarudi na tope mpaka kwapani, imegeuzwa vizuri, imekunjwa. Ya Profesa inarudi safi kana kwamba haikuvaliwa, ndani nje, soksi zimeviringishwa humo humo. Mtu asiyetoka jasho anacheza au anatembea? Jezi haidanganyi.

Nilimweleza hayo Mchuaji, kijana anayekanda misuli ya wachezaji chumba cha pili. Akacheka. Akasema Profesa hachafuki kwa sababu anatumia akili, na mimi nibaki na sabuni yangu. Ana miaka ishirini na tisa! Nina mtoto wa umri huo. Damu ikanichemka, nikataka tuwekeane dau. Mnara na Kiroboto wakituletea ushindi Jumamosi, nimeshinda mimi. Mnara na Profesa wakiuleta, ameshinda yeye. Atakayeshindwa atamwamkia mwenzake shikamoo kila asubuhi, mbele ya timu nzima, mpaka mwisho wa mwaka. Tukapeana mikono, mpishi wa kambi akiwa shahidi. Mchuaji alikubali haraka mno. Hofu hiyo.

Jumanne, 5 Machi

Kocha mpya ana wiki tatu tu na bado hajashika majina. Tena miwani yake ameisahau nyumbani. Anakunja uso kando ya uwanja, anaita kwa namba. Namba tisa, rudi! Namba kumi na nne, umelala? Namba kumi na nne ni Kiroboto, na kusema kweli alikuwa amelala. Profesa, namba kumi na moja, akafunga matatu. Jezi haina hata doa.

Nilimpelekea kocha maji ili nichungulie daftari lake. Kaandika 11. Kapiga mstari chini yake mara mbili. Nusura nimwage maji. Mchuaji alikuwa anapiga mluzi.

Halafu nikatulia, nikafikiri. Kocha hachagui mtu, anachagua namba. Namba anagawa nani? Orodha inayoonyesha namba fulani ni ya nani iko mfukoni mwa nani? Enhe.

Jumatano, 6 Machi

Leo nimefanya kazi ya kitaalamu. Asubuhi nilimwambia Profesa kwamba jezi yake imechuja rangi kwenye mashine, avae kumi na nne kwa leo. Kiroboto nikampa kumi na moja. Aliniuliza, kwa adabu yake, mbona hiyo kumi na moja haijachuja rangi? Nikamwambia ajali za kufua hazielezeki. Akaniamini. Kijana mzuri sana.

Hesabu yangu ilikuwa hivi: kocha anaipenda kumi na moja, sasa kumi na moja ni Kiroboto, basi.

Wapi! Kiroboto ndani ya kumi na moja alikuwa kama kavaa kiatu cha mtu. Aliukanyaga mpira akaanguka. Akasimama, akaanguka tena. Profesa ndani ya kumi na nne alifunga manne, moja kwa kisigino. Kocha akakata 11 kwa kalamu nyekundu. Akaandika 14, mistari mitatu!

Nikaenda stoo, nikakaa juu ya gunia la mipira, nikataka kulia. Mara nikaanza kucheka peke yangu. Kwani kumi na nne ni ya nani? Ya Kiroboto! Leo tu ndipo alipoazimwa Profesa. Nikazifua zote mbili haraka na kumrudishia kila mtu yake. Kesho na keshokutwa ni kukimbia na kunyoosha viungo tu, hakuna atakayefunga wala kuanguka. Nasema tena, kazi ya kitaalamu.

Alhamisi, 7 Machi

Kocha amempa katibu wa timu namba za Jumamosi. Katibu amekuja kwangu kwa orodha, akageuza namba kuwa majina, akabandika ukutani. Mbele: Mnara na Kiroboto!

Kiroboto aliyasoma majina yale mara tatu kwa kidole. Mechi nane amekaa benchi bila kugusa mpira. Akatoka nje kumpigia mama yake. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akaniambia, "Mzee, wewe peke yako ndiye uliyeniamini." Niliona raha, na kidogo niliona aibu. Raha ilizidi.

Mchuaji kanuna. Profesa kanuna. Siku njema.

Baada ya chakula cha mchana nikampigia mama watoto kumpa habari za dau langu. Akauliza, "Na yule kijana akishindwa?"

Nikamwambia ataniamkia shikamoo kila asubuhi.

"Kwani sasa hivi anakuamkiaje?"

Nikamwambia simu inakatika, nikaikata. Mwanamke huyu hajui mambo ya mpira.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika uwanjani, stoo, mlango nimefunga.

Asubuhi mke wa kocha alimletea miwani. Nani alimwomba? Mechi ikaanza, kocha kavaa miwani, anang'aa. Dakika kumi, Kiroboto anakimbia kama anafukuzwa, anakaba, anaanguka, tope mpaka masikioni. Jezi tamu kweli. Lakini hapigi golini. Mipira yote inakwenda juu kwa Mnara, na mabeki wao ni warefu kuliko Mnara. Kocha akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akaniangalia mimi. Nikajitia kuhesabu chupa.

Mapumziko hakuna bao. Ndani ya chumba cha kubadilishia nguo kocha akamsimamia Kiroboto, akauliza yule namba kumi na nne wa Jumatano kaenda wapi. Nikasema mchezaji hubadilika kutegemea hali ya hewa. Kiroboto, yule yule ninayempigania, yule anayekunja jezi, akainua mkono kama yuko darasani.

"Kocha, Jumatano mimi nilivaa kumi na moja."

Watu ishirini na tatu walinigeukia. Mchuaji aliacha kukanda paja la mtu. Nilitamani niingie kwenye kapu la nguo chafu na mtu anifunike.

Sasa nilijua. Kiroboto nje, Profesa ndani, na mimi shikamoo miezi tisa na zaidi. Kocha akamwita Profesa apashe misuli. Halafu akamwambia Mnara akae.

Mnara! Kocha kawaweka wale wafupi wawili pamoja, jambo ambalo hakuna mtu nchi nzima aliyelisema, wala redioni, wala mimi. Mpira ukashuka chini. Wale mabeki warefu wakawa wanainama kama wametupa funguo. Kiroboto ananyang'anya, anampa Profesa, bao. Kiroboto anakimbia, anaanguka, anaupenyeza akiwa chini, Profesa, bao la pili. Uwanja ukalipuka. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, nikamkumbatia mtu, nikagundua ni Mchuaji, nikamwachia.

Mbili bila. Jezi moja imerudi tope tupu, nyingine safi kabisa. Kiroboto alizileta zote mbili, zimekunjwa.

Jumapili, 10 Machi

Dharau! Nilipofika kwenye kifungua kinywa nilisema wazi kwamba dau limekufa, kwa sababu walioleta ushindi si jozi yangu wala yake. Mpishi, ambaye hata kuotea ni nini hajui, alijipa uhakimu. Akaamua kwamba sote tumeshindwa, basi kila mmoja amwamkie mwenzake.

Mchuaji akainuka pale pale, "Shikamoo, Mzee." Kama anavyofanya kila siku! Halafu akakaa, akakunja nne, akangoja.

Nikapiga moyo konde. Nikasema shikamoo. Akavuta pumzi, akaitikia "Marahabaaa," akaniuliza watoto hawajambo. Timu nzima ikaangua kicheko. Profesa alicheka mpaka chai ikamwagikia jezi, doa la kwanza tangu nimjue. Kiroboto hakucheka, alinisogezea kiti.

Kocha hakunifukuza. Alisema bila ujinga wangu asingewajua wale wawili. Lakini orodha ya namba sasa inakaa kwa Mchuaji. Sawa. Aikumbatie.

Mimi sijakosea popote. Nilisema Kiroboto acheze, amecheza. Kilichoniponza ni miwani.

Sasa kuna suala la kipa. Kocha anampenda namba moja, mimi namtaka yule wa akiba, ambaye glavu zake zinanukia bidii. Nimemweleza Mchuaji, kacheka tena. Tumewekeana dau upya, na safari hii nimekuwa makini. Nikishindwa, nitamwamkia shikamoo huku nimempigia goti. Lakini akishindwa yeye, ataniamkia mara mbili.

Koti la kocha limeletwa kufuliwa. Nimepapasa mfuko wa ndani. Kuna miwani.